Kiti cha Chumba cha Kufulia

Siku Husnija alipokufa, mkewe alimkuta ameketi sakafuni, akamsema, kisha akapanda zake juu.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Aprili, saa tatu na robo asubuhi, na mvua ya mji wa Borås ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila nia ya kukoma. Zumreta alikuwa ameshusha mapazia ya sebuleni, akayakusanya mikononi na kuteremka nayo ngazi hadi chumba cha kufulia kilicho chini kabisa ya jengo. Mumewe alikuwa ametangulia na kapu la nguo. Mlangoni, pembeni mwa ubao ambapo kila nyumba huweka kufuli lake dogo kwenye siku na saa iliyoichagua, palikuwa pamebandikwa kikaratasi kipya. Mwandiko aliujua: herufi kubwa, zimesimama wima kama askari wa gwaride. Gun-Britt wa ghorofa ya pili alikuwa akiwakumbusha “baadhi ya watu” kwamba kichujio cha mashine ya kukaushia hakijisafishi chenyewe.

Ndani, Husnija alikuwa ameketi juu ya saruji. Mgongo ameuegemeza kwenye mashine ya kukaushia, miguu ameinyoosha, ndara moja imemtoka.

“Umekaa tena,” Zumreta alisema.

Husnija aliinua macho.

“Huyo mama anakutukana kwa maandishi wiki nenda wiki rudi, na wewe unakaa. Haya, kaa. Kaa hapo mpaka ukauke kama hizo soksi.”

Husnija akaweka mkono wa kulia kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Ndivyo alivyoyamaliza mabishano yote ya nyumba yao kwa miaka thelathini na minne: mkono kifuani, kichwa chini, kama mgeni anayekataa kwa adabu kikombe cha tatu cha kahawa. Zumreta aliyasukumia mapazia ndani ya mashine ya kufulia, akaufunga mlango wake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaiwasha, akaondoka.

Saa nne kasoro dakika tano kengele ya nyumba ililia. Alikuwa Gun-Britt, amevaa aproni, midomo imemkauka. Alisema amekwisha kuita gari la wagonjwa. Alilisema hilo mara mbili, na mara ya pili alimshika Zumreta kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wahamie pale.

*

Mtu asiyemjua Husnija atauliza ni mke gani huyo anayemkuta mumewe sakafuni asimwulize kama anaumwa. Lakini jamaa wote wa msikiti wa Wabosnia pale mjini wangeweza kumjibu. Hakuna aliyekuwa hajamwona Husnija amekaa.

Ujanani alikuwa mtu wa moto. Alikuja Sweden akiikimbia vita, akapata kazi katika kiwanda cha kufuma nguo, na kabla ya mwaka kwisha alimtupia msimamizi wake gurudumu la uzi. Lilipiga ukuta, likaacha alama iliyodumu kuliko kiwanda chenyewe. Imamu wa siku hizo, mzee mfupi aliyekuwa na pumu, alimwita akamweleza alichofundisha Mtume: mwenye hasira akiwa amesimama na akae, isipomtoka, na alale, na anyamaze, na anawe maji ya baridi. Maneno hayo waliyasikia wengi siku hiyo, wakatikisa vichwa, wakaenda kula. Husnija aliyapokea kama mgonjwa anavyopokea maagizo ya daktari, kidonge na saa yake.

Tangu hapo alikaa. Alikaa kwenye foleni ya duka la vyakula, kati ya viazi na maziwa, mtu mmoja alipowaambia warudi kwao. Alikaa kwenye ukumbi wa shule mwalimu alipomwita binti yao Aldina mvivu. Mwaka ambao wanaume wa msikiti walibishana saa nne nzima juu ya rangi ya zulia jipya, kijani au nyekundu ya damu ya mzee, Husnija alitoka kwenye kiti chake akakaa chini, na hasira ilipokuwa haijamtoka akalala chali katikati ya mkutano, mikono juu ya tumbo, macho darini. Watu wakaanza kucheka, mkutano ukafa, zulia likaja la kijani. “Husnija amelala, funga ajenda,” wakawa wanasema baadaye kila wakianza kupandishiana sauti.

Lilikuwa jambo la kupendeza kwa yeyote ambaye hakuolewa naye.

Maana aliyetoka kwenye foleni ile na kumjibu yule mtu wa maziwa alikuwa Zumreta. Aliyerudi shuleni kesho yake kuongea na mwalimu alikuwa Zumreta. Radieta za kupasha nyumba joto zilipokufa majira ya baridi, aliyempigia simu mwenye nyumba, akasubiri kwenye laini dakika arobaini akisikiliza muziki wa kinanda, alikuwa yeye. Mumewe akikaa, ilikuwa lazima mmoja asimame, na nyumba ile ilikuwa na watu wazima wawili tu. Kisha wanawake wa msikiti walimwambia, huku wakimpigapiga mgongoni, bahati yake iliyoje kupata mume mpole. Na akigeuka, alijua wanavyosema: maskini Husnija, na ulimi ule alioupata.

Mara moja, miaka mingi nyuma, alimwuliza hasira zake zinakwenda wapi. Husnija alifikiri, akasema zinashuka, zinaingia ardhini. Zumreta akamwambia hapana, bwana, zinakuja kwangu. Mkono ukaenda kifuani.

*

Kwa desturi yao wanawake hawaendi kaburini. Siku ya mazishi Zumreta alibaki nyumbani na wanawake wenzake, wakisoma, huku wanaume wakiwa wamesimama safu mbele ya jeneza. Hapo ndipo imamu huuliza mara tatu, mmemhalalishia? Kila aliyewahi kudhulumiwa naye, au kukwazwa, au kuchoshwa tu, hujibu kwa sauti: halali. Mpwa wake alimsimulia baadaye jinsi lile neno lilivyovuma, wanaume mia mbili, wengine wakilia. Zumreta alisikiliza mpaka mwisho. Mtu wa kwanza aliyestahili kuulizwa swali lile alikuwa jikoni akimimina kahawa, na hakuna aliyempelekea.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa upande wa pili: nani angemuuliza Husnija kwa ajili yake.

Pale hospitali, kwenye varanda yenye harufu ya sabuni, wifi yake Fadila ndiye aliyefika wa kwanza. Fadila alikuwa na miaka sabini na moja, na ndiye aliyemlea Husnija mama yao alipofariki; mpaka uzee huu alikuwa akimkatia nyama yake wakila pamoja. Alimshika Zumreta mabega yote mawili.

“Ulikuwa wapi?”

“Juu. Nyumbani.”

“Hukumwona?”

“Nilimwona akitoka na kapu,” Zumreta alisema, na neno likawa limekwisha kutoka.

Daktari alikuwa amesema moyo. Zumreta alipomuuliza kama mtu angekuwepo mapema kidogo, daktari alisema huenda ingesaidia na huenda isingesaidia. Nchi ile ina watu waungwana sana; hata jambo kama hilo wanakupa nusu kwa nusu, wakuache ukajigawie mwenyewe.

Basi Fadila alianza kuja kila siku kwa basi la saa nne, aproni yake ndani ya mkoba. Alipanga upya bilauri. Alihamisha chumvi. Alimwambia Zumreta kuwa unga haukai karibu na dirisha, kwamba dele la shaba la kahawa linasuguliwa kwa majivu na siyo kwa sabuni, kwamba mjane havai soksi za rangi ile. Zumreta alijibu ndiyo, wifi, sawa, wifi, akawa anakwenda chooni kuuma taulo.

Na kila alipokuja mgeni wa kuhani, Fadila alisimulia. Wiki ya kwanza alisema ndugu yake alikufa ameketi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wiki ya pili alikuwa ameketi kama mtu aliye katika tahiyatu. Wiki ya tatu kidole cha shahada kilikuwa kimeinuka. Kufika wiki ya nne palikuwa na tabasamu na harufu nzuri, na hadithi ilikuwa imekwishafika Göteborg na kurudi. Zumreta alikuwa anaijua ile ndara iliyotoka, na ile miguu iliyonyooshwa. Hakuna anayekaa tahiyatu akiegemea mashine ya kukaushia nguo.

“Arobaini ikifika,” Fadila alimwambia akikata vitunguu, “nitamwomba Razija awasimulie wanawake. Vijana wajifunze. Mtu aliyezuia hasira zake maisha yake yote, Mwenyezi Mungu amemchukua amezizuia. Wewe utakaa karibu naye, kama mjane.”

“Mimi nitakuwa jikoni.”

“Jikoni nitakuwa mimi. Wewe utakaa.”

Razija alikuwa mwalimu wa wanawake, ndiye anayewaongoza kwenye kisomo. Mwanamke mkavu, mnyamavu, ambaye alichokisema kilishikwa. Akishaisimulia Razija, ile habari isingekuwa tena maneno ya dada mwenye uchungu. Ingekuwa kweli. Na Zumreta angekuwa ameikalia hapo hapo, mikono mapajani, mpaka siku yake yeye ya kufa. Akisema ukweli, basi angempoteza Fadila, na pamoja na Fadila nusu ya watu waliomjua Husnija kabla hajawa mume wake. Alizipima njia hizo mbili kila asubuhi wakati basi la saa nne likikata kona, na kila asubuhi alichoka mapema zaidi.

*

Shuka zilipokwisha kabatini hakuwa na budi. Alhamisi ya wiki ya tano alimpigia simu Fadila kumwambia anaumwa kichwa asije, akachukua kapu, akateremka.

Kufuli lao, namba kumi na nne, lilikuwa bado limewekwa pale Husnija alipoliweka: Alhamisi, saa tatu. Zumreta aliwasha taa, akasimama mlangoni. Mahali pale pale, mbele ya mashine ya kukaushia, palikuwa na kiti cha mbao kilichopakwa rangi ya buluu. Kwenye mgongo wake kulikuwa na kikaratasi, kwa herufi zile za gwaride: KITI HIKI NI CHA KUKALIA. KISIONDOLEWE.

Alikuwa bado anakitazama Gun-Britt alipoingia na kapu lake la taulo. Wote wawili walikohoa.

“Nilikuwa nakiomba tangu mwaka juzi,” Gun-Britt alisema. “Chama cha wapangaji hawa, mpaka uwaandikie mara sita. Mtu mzima kukaa kwenye saruji, na mgongo ule. Halafu wakakileta wiki moja baada ya...” Akaanza kukunja taulo ambalo halikuwa limefuliwa bado.

Zumreta alihisi kitu kikimpanda kutoka magotini. “Hakukaa kwa kukosa kiti,” alisema. “Alikaa kwa hasira.”

“Hasira? Na nani?”

“Na wewe, bibi. Na vikaratasi vyako. Miaka kumi na moja ‘baadhi ya watu, baadhi ya watu.’ Dini yake inamwambia akikasirika akae, basi akawa anakaa. Wewe unaandika, yeye anakaa.”

Gun-Britt aliweka taulo chini. Hakuwa amekasirika, alikuwa anahesabu kitu kichwani, kama mtu anayetafuta kosa kwenye risiti.

“Lakini vile havikuwa vyake,” alisema. “Ni wale wa ghorofa ya nne. Mumeo ndiye peke yake katika jengo hili zima aliyesafisha kichujio. Alikuwa anasafisha mpaka cha wenzake. Nilimwambia tangu mwanzo, nikamwambia kila mwaka: usijali, bwana, siyo wewe.”

“Akasemaje?”

Gun-Britt aliweka mkono wa kulia kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Alikiigiza vizuri mno kitendo kile. Zumreta aligeuza uso akaitazama mashine.

“Na alikuwa anakaa kabla,” Gun-Britt aliendelea. “Anaingia, anaweka kapu, anakaa. Hata mashine hajawasha. Dakika tano, kumi, halafu anainuka anaanza kazi, anapiga mluzi. Nilidhani ngazi zinamchosha.”

Chumba kile hakina dirisha. Kuna taa ndefu darini inayolialia, na sinki, na beseni la mtu asiyejulikana. Zumreta alilitazama lile beseni kwa muda mrefu. Ikiwa Husnija hakuwa na ugomvi na Gun-Britt, na chumba kilikuwa kitupu alipoingia, basi alikuwa akishuka na hasira yake. Ghorofa tatu, na kapu mkononi. Na juu kulikuwa na mtu mmoja tu.

Alhamisi zote zile. Alikuwa amejisifia kwa watu kwamba mume wake anafua.

“Mbona hakuniambia?” aliuliza, na hakuwa anamuuliza Gun-Britt.

“Ndiyo hilo,” Gun-Britt alisema, akidhani ameulizwa yeye. “Kuzuia hasira, sawa, ni jambo jema, mimi mwenyewe ningejifunza. Lakini kusema je? Siku ya pili, bila hasira, baada ya kahawa? Hilo dini yenu imelikataza?”

“Haijakataza.”

“Basi.”

Zumreta alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kimetoka puani, lakini kilikuwa cha kwanza tangu Aprili. Miaka thelathini na minne alikuwa akiliuliza swali lile lile, kwa sauti ya juu, akiwa amesimama. Labda ndiyo sababu hakujibiwa.

Waliweka nguo zao mashineni, kila mtu na yake. Gun-Britt alipofika mlangoni alisimama.

“Mapazia yako siku ile niliyatoa mimi, nikayatundika. Mashine ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili, na kapu la mumeo lilikuwa halijaguswa.” Akatazama ubao wa kufuli. “Kwa hiyo nilijua ulikuwa umeshuka. Sijamwambia mtu. Halikuwa jambo la kubandika ukutani.”

Zumreta alitaka kusema asante, na badala yake mkono ulimwenda kifuani wenyewe.

*

Hitima ya arobaini ilisomwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Wanawake ishirini na wawili walijibana sebuleni, juu ya zulia na mito, migongo ukutani. Fadila alikuwa amepika tangu alfajiri: pita, ile mikate ya tabaka iliyojazwa mchicha na jibini, na halua ya unga iliyokaangwa mpaka ikawa na rangi ya hudhurungi. Razija aliongoza kisomo kwa sauti yake ya chini. Vikombe vidogo visivyo na mikono vilipangwa kwenye sinia ya shaba, na ingawa Fadila alikuwa ameapa kwamba jikoni ni kwake, mwisho wake sinia ilimwangukia Zumreta, maana Fadila alikuwa na la kusimulia na hakuweza kulisubiri.

Alilianza vizuri. Zumreta, akiwa amesimama mlangoni na sinia mikononi, alikiri moyoni kwamba alilianza vizuri. Alisimulia Husnija akiwa mtoto, akivunja mlango wa zizi kwa teke kwa sababu ya mwana-kondoo. Alisimulia gurudumu la uzi. Wanawake wakacheka, mmoja akafuta macho. Kisha Fadila akashusha sauti.

“Na mauti yalipomjia,” alisema, “yalimkuta ameketi. Hakumwita mtu, hakumsumbua mtu. Hana kinyongo na yeyote duniani. Wifi yangu huyu hapa shahidi, miaka yote hiyo hawakuwahi kuinuliana sauti. Amekwenda hajamwachia mtu neno.”

Hajamwachia mtu neno. Hasira ilimpanda Zumreta kwa kasi ambayo ilimshangaza hata yeye aliyeizoea. Hasira na Fadila na kidole chake cha shahada, na wanawake hawa na machozi yao mepesi. Lakini zaidi na yule mtu mpole aliyeshuka ghorofa tatu kila Alhamisi akiwa na kapu la nguo zake na kapu la maneno yake, asimrudishie hata moja. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwake, kali, kamili, yenye kuumiza. Alijua ingemkata Fadila wapi.

Hakuamua. Alikaa pale pale mlangoni, kwenye kizingiti, sinia mapajani, kahawa ikimwagika kidogo kwenye sketi yake nyeusi. Mtu alinyoosha mkono kuipokea sinia, naye akaiacha ichukuliwe.

Kutoka chini, kila mtu alikuwa usawa wa macho yake. Fadila peke yake ndiye aliyekuwa kitini.

“Nilimwona, wifi,” Zumreta alisema. Sauti ilikuwa yake lakini ndogo. “Nilishuka na mapazia. Alikuwa ameegemea mashine, amenyoosha miguu. Nilidhani amekaa kama anavyokaa. Nikamsema. Nilimwambia akae mpaka akauke kama soksi. Akaweka mkono kifuani, nami nikaona ni adabu zake. Nikapanda juu. Ilikuwa saa tatu na robo.”

Razija alikuwa ameinamisha kichwa, akizungusha tasbihi bila kuhesabu.

“Hakukuwa na kidole,” Zumreta aliongeza. “Kulikuwa na ndara imemtoka.”

Fadila alisimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya nyonga. Alimtazama wifi yake kutoka juu, na uso wake ulikuwa wa Husnija kabla ya kukaa, uso ambao Zumreta alikuwa amesahau kwamba upo.

“Ulimwacha,” Fadila alisema.

“Nilimwacha.”

Fadila alikwenda jikoni. Walimsikia akivua aproni, akiikunja, akiitia mkobani, akifunga zipu. Alipita kizingitini akimruka Zumreta kama anavyorukwa mtu aliyelala njiani, na mlango wa nje ukafungwa taratibu. Fadila hakubamiza milango. Alikuwa wa nyumba moja na Husnija.

“Kahawa inapoa,” Razija alisema. Akamsogezea Zumreta mto, yeye mwenyewe akabaki kwenye zulia tupu. “Keti vizuri, mwanangu. Umekaa vibaya.”

*

Basi la saa nne lilikata kona siku kumi na mbili bila Fadila ndani yake. Chumvi ilibaki pale alipoihamishia. Zumreta aliiendea kila siku mahali pake pa zamani, mkono ukarudi mtupu, akaifuata ilipo. Aldina alipiga simu kutoka Malmö akasema shangazi hapokei. Msikitini, wengine walimsalimu Zumreta kwa upole uliozidi, na wengine walikuwa na haraka.

Alhamisi, saa tatu na dakika chache, alikuwa akipakia shuka mashineni aliposikia hatua kwenye ngazi, nzito, moja baada ya moja, na mkono ukishika chuma cha pembeni. Fadila alisimama mlangoni, koti limelowa.

“Ni wapi?” aliuliza.

Zumreta alimwonyesha. Fadila alikitazama kiti cha buluu, akasoma kikaratasi chake midomo ikichezacheza, akakisukuma kando. Kisha akashika mashine kwa mkono mmoja, ukuta kwa mwingine, akaanza kushuka. Zumreta alipomkaribia kumsaidia, Fadila alimpiga kofi mkononi. Akafika chini. Akaegemea, akanyoosha miguu. Viatu vyake vilikuwa vidogo kama vya msichana.

Walikaa hivyo mpaka maji yalipoingia mashineni na shuka zikaanza kuzunguka.

“Saruji baridi,” Fadila alisema.

“Ndiyo.”

“Kila wiki?”

“Kila wiki. Alikuwa akinikimbia mimi, wifi. Siyo Gun-Britt. Nimelijua juzijuzi.”

Fadila alizitazama shuka zikizunguka. Labda alikuwa analijua. Labda Husnija alikuwa akimpelekea kapu lingine la maneno kila Jumapili, na yeye akamkatia nyama, akayanyamazia. Zumreta alivuta pumzi.

“Yeye siwezi kumwuliza,” alisema. “Nakuuliza wewe. Nihalalishie.”

“Mimi siyo yeye.”

“Najua. Yako tu.”

Fadila alifikiri. “Yangu bado,” alisema. “Usinisukume.” Akapangusa goti lake, akapangusa na lingine. “Na wewe? Wewe umemhalalishia?”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Zumreta alifungua mdomo, na neno lile dogo ambalo wanaume mia mbili walilitamka kwa pumzi moja halikuwepo. Aliinama akafungua kichujio cha mashine ya kukaushia. Kilikuwa kimejaa manyoya ya kijivu ya nguo za watu wengine, laini kama mto. Akayatoa yote kwa kidole, akayatupa.

“Uliza tena wiki ijayo,” alisema.

Sasa Fadila huja Alhamisi, kwa basi la saa mbili na nusu. Yeye hukaa kwenye kiti cha buluu kwa sababu ya nyonga, Zumreta huketi sakafuni, na Gun-Britt huwaachia mashine ya pili mpaka saa nne. Kufuli namba kumi na nne lipo pale pale lilipokuwa.